Mzee Aliyejua Kushika cha Wenyewe

Masomo: 2 Timotheo 1:12–14, Walawi 6:1–7, Zaburi 15

Jumamosi tulimzika mzee wetu, yule ambaye nusu ya kanisa hili ilimwita Mzee wa Benki na watoto wetu wakamwita Guka wa Benki. Familia imeomba jina lake lisichapishwe katika kijarida hiki kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa-tajwa, na mimi nitatii. Wanaomjua wanamjua.

Najua wengi wenu mlidhani leo tutafungua Mathayo 25. Mtu wa benki amelala, basi pasta atahubiri talanta, sivyo? Mfano ule ni mzuri na tutaurudia siku nyingine. Lakini talanta ni habari ya mtu aliyepewa mali ili aizalishe. Mzee wetu hakuwa mtu wa kuzalisha sana. Mlimwona: koti moja la kijivu, Peugeot ya zamani iliyokohoa mpaka ikauzwa. Alikuwa mtu wa kushika. Neno lililonikaa moyoni wiki nzima ni hili moja: AMANA.

Paulo anamwandikia Timotheo akiwa kifungoni, na anajua siku zake zimebaki chache. Anasema anamjua yule aliyemwamini, na ana hakika kwamba huyo anaweza kuilinda amana mpaka siku ile. Kisha, mistari miwili tu baadaye, anamgeukia kijana na kumwambia: na wewe pia umewekewa amana, ilinde, kwa msaada wa Roho Mtakatifu. Katika Kiyunani ni neno moja pande zote mbili, parathēkē, na halikuwa neno la kanisani. Lilikuwa neno la watu wa biashara na la mahakama. Zamani zile mtu akisafiri, fedha yake aliiacha kwa rafiki anayemwamini. Yule rafiki haitumii. Haichanganyi na yake. Mwenyewe akirudi, hata baada ya miaka kumi, anaikuta kama alivyoiacha.

Sasa soma Walawi 6 polepole ukifika nyumbani. Mtu akikana amana ya mwenzake, Neno linahesabu kwamba amemkosea BWANA mwenyewe, si jirani tu. Dawa yake ni nini? Arudishe yote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka yake. Mnasikia huo utaratibu? Usije madhabahuni na kondoo dume wakati pesa za chama bado ziko kwa mfuko wako. Naona wengine wameinama. Tuendelee.

Mzee aliingia benki mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijana wa kidato cha nne kutoka Nyandarua. Zilikuwa siku za mabadiliko. Mwaka wa 1970 Serikali ilinunua asilimia 60 ya hisa za National and Grindlays, na hapo ndipo ilipozaliwa Kenya Commercial Bank, na katika mabenki yote Waafrika walikuwa wanaanza kukaa kwenye viti ambavyo zamani walikalia wageni. Benki yake sitaitaja. Vijana, ninyi salio lenu liko kwa simu, mnabonyeza mnaona. Wakati huo ilikuwa daftari kubwa na kalamu ya wino. Jioni hesabu lazima ifungane mpaka senti, na shilingi mbili zikikosekana hakuna anayekwenda nyumbani. Aliniambia kuna siku walitafuta shilingi tano mpaka saa tatu usiku, na keshia mmoja akataka kutoa tano yake mfukoni ili watu walale. Meneja akakataa. Akasema hawatafuti shilingi tano, wanatafuta ukweli uko wapi.

Halafu kuna ile habari ya funguo. Chumba cha pesa hakifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja ana ufunguo wake na mwingine ana wake, na hakuna anayeweza kuingia peke yake, hata kama ni meneja, hata kama ni mtakatifu. Mzee alipokubali kuwa mweka hazina wetu, wakati tukiwa bado kwenye mabati kule chini, Jumapili ya kwanza hakugusa kikapu cha sadaka. Alikaa tu, mikono juu ya magoti. Mzee mwenzake akamwambia, “Mzee, wewe hesabu, sisi tunakuamini.” Akajibu, “Msiniamini. Hesabuni na mimi.”

Watu wakaona ni maneno ya benki yameletwa kanisani. Lakini fungua 2 Wakorintho 8, kuanzia mstari wa 18. Paulo anabeba mchango wa kwenda Yerusalemu, na hakubali kuubeba peke yake. Anaambatana na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, na anasema wazi sababu yake: hataki mtu apate la kumlaumu juu ya zile fedha, anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mtume wa kuona maono mpaka mbingu ya tatu, na bado anataka mashahidi. Kwa hiyo mtumishi akikuambia usimuulize pesa kwa sababu ana upako, muulize Paulo alikosa upako gani.

Sitawaficha kwamba hakupendwa na wote. Alikuwa mweka hazina kwa miaka kumi na moja, na katika hiyo miaka aliitwa mkono birika mara nyingi kuliko alivyoitwa ndugu. Fedha za ujenzi zilikuwa za ujenzi. Mkutano wa injili ukikosa spika, zitafutwe spika, lakini si kwenye akaunti ya ujenzi. Paa mnalokaa chini yake leo ndilo lile lililokuwa linasemwa vibaya wakati huo.

Kuna swali nilimuuliza nikiwa pasta kijana, na nalileta hapa kwa sababu wapo wanaojiuliza kimya kimya. Zaburi 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na katika jibu lake kuna mtu asiyekopesha fedha yake kwa riba. Nilimuuliza, “Mzee, na wewe umekula mshahara wa riba maisha yako yote?” Hakukasirika. Alisema mstari huo aliusoma kila mwaka, na kila mwaka ulimsumbua, na hakutaka uache kumsumbua. Alinionyesha kwamba Torati inapokataza riba, kama Kutoka 22 na Walawi 25, inamzungumzia maskini, ndugu aliyeishiwa anayekopa ili ale. Mfanyabiashara anayekopa aongeze lori, hilo aliona ni jambo lingine. Kwa hiyo alijiwekea sheria yake: mtu wa nyumbani au wa kanisani akija na shida ya chakula au hospitali, hamkopeshi. Ama anampa, ama anamwambia hana. Ninyi wenyewe mtaamua kama jibu hilo linatosha. Mimi naona mtu aliyeruhusu Neno limbane mahali pale pale anapopatia mkate wake ni mtu wa kusikilizwa.

Na alibanwa kweli. Wazee mnakumbuka 1993. Hati za Hazina ya Serikali zilipita asilimia 70, mikopo ya benki ikapita asilimia 30, na mtu aliyekuwa amekopa kwa moyo mweupe akaamka asubuhi deni limezaa mapacha. Mashamba yalikwenda mnada. Barua za kuwaambia watu hivyo zilipita mezani kwa mzee wetu na sahihi yake ikiwa chini. Jumamosi, ambayo si siku ya kazi yake, alipanda matatu akaenda kuwatafuta wale watu nyumbani kwao, awaambie wasijifiche, waje benki wapangiwe upya kabla dalali hajafika. Wengine walikuja wakapona. Wengine walimfungulia mbwa. Hakuwaokoa wote, na mpaka uzee kuna ridge fulani huko kwao hakupenda kupita.

Sasa tuje nyumbani, maana mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa benki na awe mwizi kwa nyumba yake.

Wanaume, mko? Mama yetu, mjane wake, alisimama Jumamosi akasema jambo lililofanya hema lote linyamaze. Alisema tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yao mpaka siku alipostaafu, karatasi ya mshahara ilifika nyumbani ikawekwa chini ya kopo la sukari. Kila mwezi. Haikufichwa, haikukunjwa kona. Akina mama wakapiga makofi, akina baba wakaanza kuangalia viatu. Ndugu yangu, Mungu alipokupa mke alikuwekea amana, na mshahara wako ni sehemu ya nyumba aliyowapa ninyi wawili. Huo pia una funguo mbili. Paulo anamwambia Timotheo, katika waraka wa kwanza sura ya 5 mstari wa 8, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Hasemi amekosa adabu. Ameikana imani.

Watoto wake wanne kila mmoja alikuwa na kijitabu cha mistari. Ukipewa shilingi kumi ya duka, unaandika. Ukirudisha chenji, unaandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wale watoto waliimba methali hiyo kabla hawajajua kusoma. Binti yake alituambia walikuwa wanachukia. Halafu akacheka, akasema yeye sasa ana vijitabu vitatu nyumbani, kwa watoto wake.

Na mama alipopigwa na kiharusi, huyu mzee alijifunza kupika. Miaka sita. Nilifika kwake siku moja saa saba mchana nikamkuta akimlisha uji kwa kijiko, na kando kuna daftari limeandikwa saa za dawa, kwa mwandiko ule ule wa benki. Mama akapona akatembea tena. Yeye ndiye aliyetangulia.

Lakini jambo ninalotaka mbebe leo ni la shamba.

Mdogo wake alifariki 1989, na mke wa mdogo wake alikuwa ametangulia, wakabaki wavulana wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa minne. Ukoo ulikaa, ukakubaliana shamba la marehemu, ekari tatu, liandikwe kwa jina la mzee wetu mpaka wale watoto wakue. Akawachukua wakalelewa pamoja na wake. Shamba akalikodisha kwa wakulima wa viazi. Kila msimu aliandika: limekodishwa kwa nani, kwa bei gani, karo imetoka ngapi, viatu ngapi, kilichobaki kimewekwa wapi.

Mwaka wa 1999 mwanawe wa kwanza, wa kumzaa, alipata nafasi ya chuo kikuu ng'ambo. Barua imefika, furaha imejaa, pesa hakuna. Kiwanja cha mzee mwenyewe kilikuwa tayari kimeshikilia mkopo mwingine. Na kwenye droo kuna hati ya ekari tatu, kwa jina lake, safi kabisa. Kisheria angeingia benki yake mwenyewe asubuhi na atoke na pesa adhuhuri. Kijana alimwambia, “Baba, ni ya miaka minne tu. Nitalipa. Hao ndugu zangu hata hawatajua.” Alilia mbele yake.

Mzee akamwambia, “Kijana wangu, nakupenda. Jina ni langu. Shamba si langu.”

Hakwenda ng'ambo. Alisoma chuo cha ufundi hapa nchini, leo ana duka la vifaa vya umeme na anaendelea vizuri, Mungu asifiwe. Lakini Jumamosi, akiwa ameshika kipaza sauti karibu na jeneza, alisema, “Baba, nilikukasirikia kwa miaka tisa.” Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Hakusema kwamba mwisho aliona baba alikuwa sahihi. Tulimngojea aseme, na hakusema. Mimi sitamsemea. Uaminifu una gharama, wapendwa, na mara nyingi anayeilipa si yule anayesifiwa, ni mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Tuwaombee watoto wa watu waaminifu. Zaburi 15 hiyo hiyo inamtaja mtu aliyeapa kwa hasara yake na asibadili, lakini mara nyingine hasara inamwangukia pia mwanawe, na Mungu anaijua.

Mwaka wa 2003 yule mdogo alipofika miaka 18, mzee aliwaita wote wawili, akawapa hati ikiwa imehamishwa kwa majina yao, daftari la miaka 14, na kitabu cha akiba chenye kilichobaki. Jeneza lilipobebwa mbele, upande wa kushoto alikuwa yule mwana wa duka la umeme, na upande wa kulia walikuwa hao wavulana wa baba mdogo, sasa ni wanaume wenye mvi za kwanza.

Hapa nasimama kidogo. Kuna mtu anasoma hii na anajua ana hati ya mayatima nyumbani kwake. Umelima hilo shamba mpaka umesahau ni la nani. Watoto wa ndugu yako wanakodi chumba mjini na wewe unauza mahindi yao. Kuna mwingine aliachiwa pesa za chama Desemba, na sasa simu haishiki. Kuna dada alitumiwa pesa na kaka yake aliye Qatar amjengee nyumba, na kila mwezi anatuma picha ya nyumba ya jirani. Wengine mmeingia kwenye mikopo ya simu kufunika shimo, mkafungua shimo la pili, na mmeorodheshwa CRB. Siwahukumu. Ninawaambia Walawi 6 bado iko wazi, na Zakayo alirudisha mara nne akiwa anatabasamu.

Jambo lingine, na hili ni la wale waaminifu. Isaya alitumwa kwa Hezekia amwambie aiweke nyumba yake sawa kwa sababu atakufa. Mzee aliiweka sawa. Kila karatasi ilikuwa kwenye faili moja ya kijani, na mama alijua iko wapi, na binti alijua, na wosia ulikuwa umetiwa sahihi mbele ya mashahidi. Katika nchi hii tuna mamlaka nzima iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kushika mali za kifedha ambazo hakuna anayezidai: akaunti za benki, hisa, hata pesa za simu. Ni mabilioni ya shilingi. Nyingi ni za watu waliokufa na siri zao huku wajane wao wakichangiwa karo. Baba, nenda nyumbani uongee leo. Kuongea hakuleti kifo.

Na sasa sikieni, kwa sababu mtu asije akatoka hapa akidhani mzee wetu yuko kwa Bwana kwa ajili ya daftari lake. Alikuwa anahesabu fedha za watu vizuri sana kabla hajaokoka. Alinishuhudia kwamba alipookoka, 1978, mahubiri yaliyomvunja yalitoka Wakolosai 2:14, kuhusu ile hati ya deni iliyokuwa kinyume chetu, ambayo Kristo aliifuta akaigongomea msalabani. Mtu wa benki akaelewa upesi kuliko sisi. Alijua deni lisilolipika linafananaje, na alijua hakuna karani anayelifuta kwa huruma tu. Lazima mtu alipe.

Mkumbuke pia Bwana wetu pale msalabani alikuwa akifanya nini. Alimkabidhi mama yake kwa Yohana. Kisha akaiweka roho yake mikononi mwa Baba, na kitenzi ambacho Luka anakitumia pale, sura ya 23 mstari wa 46, kimetoka kwenye shina moja na parathēkē. Ni kuweka amana. Mwana wa Mungu alikufa kama mtu anayeweka kilicho cha thamani kuliko vyote mahali anapojua hakitapotea, na siku ya tatu kikadaiwa na kikatoka kizima. Haleluya!

Nilimwona mzee hospitalini siku tatu kabla hajalala. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. Nilimsomea 2 Timotheo 1, akatikisa kichwa pale kwenye mstari wa 12. Kisha akamwashiria binti yake akaribie. Nikadhani ni neno la mwisho la baraka, nikafunga macho. Alikuwa anamwambia mama mboga wa pale kona anamdai 180, za sukuma na nyanya za Ijumaa. Binti alizilipa jioni ile ile, na mama mboga alikuwepo Jumamosi, mstari wa tatu, analia.

Mwanawe mkubwa alitangaza kaburini, na ameniomba nirudie kwa wale ambao hawakufika. Kama marehemu alikuwa na kitu chako, au wewe una kitu chake, atakaa kwenye ofisi ya kanisa Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana, akiwa na daftari la baba yake. Atakuwa pamoja na binamu yake mmoja, wahesabu wawili. Na wewe ukija, njoo na shahidi.